Mheshimiwa wa Chumba cha Baridi

Nchi ya Usikivu haimo katika ramani, na msomaji mwema asijisumbue kuitafuta. Watu wake ni wapole, serikali yake haijapata kukosea, na iwapo msomaji ataona kwamba jambo fulani la huko lafanana na jambo alilolishuhudia kwao, basi na amshukuru Mungu kwamba busara haikugawiwa taifa moja peke yake.

Katika nchi hiyo redio ilikuwa mali ya kampuni. Kampuni yenyewe ilikuwa ya kutengeneza sabuni iitwayo Takata, na redio iliianzisha ili sabuni ijulikane. Kwa hiyo kila kilichosemwa redioni kilisemwa kwa hisani ya Takata. Ibada ya Jumapili ilikuja kwa hisani ya Takata, na mhubiri alikatizwa kila alipolifikia neno dhambi, ili wasikilizaji wakumbushwe kwamba yako madoa ambayo sabuni nyingine huyashindwa. Bei ya kahawa, mashindano ya kwaya, vita vya nchi za mbali, vyote vilitoka katika povu na kurejea katika povu.

Hata hivyo kipindi kilichosikilizwa kuliko vyote kilikuwa matangazo ya vifo, baada ya habari za mchana. Watu wa Usikivu walikuwa wametawanyika katika mashamba, migodi na machimbo, na barua huko humfikia mtu wakati mwandishi amekwisha kusahau alichokiandika. Redio peke yake ndiyo iliyoweza kuwafikia wote kwa mara moja. Hivyo mila ikakua juu ya redio kama mtambaazi ukuavyo juu ya nguzo: mtu aliyekufa pasipo kutangazwa alihesabiwa kuwa mgonjwa. Majirani walikuja wakaketi, lakini hawakulia. Walingoja msomaji wa vifo, Bwana Ansigari Mkwela, alitaje jina. Hapo ndipo kilio kilipoanza, na wanaume wakashika majembe.

Ansigari alikuwa na sauti iliyoshuka polepole, kama jeneza linaloteremshwa kwa kamba mpya. Alisoma jina la marehemu, kisha akasema kwamba habari ziwafikie ndugu wafuatao popote walipo, akawataja mmoja mmoja bila haraka. Mwisho, pasipo kuvuta pumzi, aliongeza kwamba tangazo hilo limeletwa na Takata, na kwamba nguo nyeupe ya mfiwa yastahili kubaki nyeupe. Watu walikuwa wamezoea. Walikuwapo hata wajane walioona kwamba mume hakuheshimiwa ipasavyo kama sabuni haikutajwa.

*

Waziri wa Sauti, Mheshimiwa Kwirini Mabamba, ndiye aliyegundua kwamba taifa huru haliwezi kuzikwa kwa sabuni ya mgeni. Alfajiri moja askari wakalizunguka jengo la redio pande zote, ingawa mlango ulikuwa wazi na mlinzi aliwakaribisha uji. Nyuma yao ikaingia Kamati ya Kuipokea Sauti, wajumbe wakiwa wamevaa kofia za chuma.

Mwenyekiti wa Kamati aliomba aonyeshwe sauti. Fundi wa mitambo akamweleza kwa adabu kwamba sauti haikai. Ikiisha kusemwa hupanda mnarani ikaenda zake. Kamati ilitazamana. Ikamwuliza hali hiyo imeanza lini, naye akajibu kwamba imekuwa hivyo tangu redio ifunguliwe. Basi Kamati ikatoa taarifa kwamba kampuni imekuwa ikiivujisha mali ya umma hewani kwa miaka yote hiyo, tena mchana kweupe, na kwamba serikali imewahi kukiokoa kilichobaki. Askari wawili waliwekwa chini ya mnara ili wazuie.

Mchana wake kipaza sauti kilipitishwa mbele ya gwaride juu ya mto wa mahameli. Waziri alikipokea kwa mikono miwili, akakihutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani mlikuwa mkisikia tu. Kuanzia leo mtasikilizishwa. Sauti iliyokuwa ya mtu mmoja sasa ni ya watu wote, na kwa kuwa ni ya watu wote, hakuna mtu hata mmoja atakayeruhusiwa kuigusa."

Watu walipiga makofi kwa muda mrefu, kwa maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Mkurugenzi wa kampuni alifungasha sabuni zake akaondoka. Alivyoviacha ni viti, feni iliyozungukia upande mmoja, na Ansigari Mkwela, aliyepokewa pamoja na samani.

*

Siku ya kwanza ya sauti ya umma Ansigari alifungua kipindi kama alivyozoea. Alisema, "Wasikilizaji, hamjambo."

Waziri alikuwa mezani. Aliweka kijiko chini. Wasikilizaji ni kina nani hata wasalimiwe kabla ya Rais? Kampuni ilimsalimia mnunuzi kwa sababu ilikula kwa mnunuzi. Serikali, aliwaza Waziri, na iisalimie serikali. Kabla ya jioni ilikuwa imeundwa Kurugenzi ya Itifaki, na juu yake akawekwa Bwana Fulgensi Lupogo, mtu aliyejulikana kwa kutoketi mbele ya mkubwa, hata mkubwa huyo akiwa ni picha ukutani. Kwa kuwa kila ofisi ya Usikivu ilikuwa na picha ya Rais, Bwana Lupogo alikuwa hajaketi kazini tangu aajiriwe.

Aliagiza kwamba pasisemwe neno lolote redioni kabla viongozi wote hawajatambuliwa, kwa vyeo vyao vyote, kuanzia Rais hadi Mwenyekiti wa Bodi ya Ng'ombe. Wasemaji wa hadhara wa nchi ile walikuwa na desturi ya kujiokoa kwa kusema kwamba itifaki imezingatiwa. Bwana Lupogo aliyapiga marufuku maneno hayo. Alisema ni sawa na kumwambia mgeni kwamba chakula kimepikwa, kisha kumsindikiza.

Mwanzoni itifaki ilipokwisha palibaki nafasi ya habari. Lakini uteuzi katika Usikivu haukomi. Habari zikafupishwa, zikabaki hali ya hewa, kisha hali ya hewa nayo ikaonekana kuwa na haraka isiyo na heshima. Mtambo ulipaswa kupumzishwa saa saba, la sivyo ungeungua; nao ulizimwa wakati Mwenyekiti wa Bodi ya Ng'ombe, wa mwisho kabisa, ametoka tu kutajwa. Jioni ulipowashwa tena ilikuwa ni kwa hotuba ya Waziri. Matangazo ya vifo hayakufutwa. Serikali isingeweza kutenda ukatili kama huo. Yalibaki mahali pake, mara tu baada ya itifaki.

Wanawake ambao hawakuwa na saa walipata faida. Maharagwe yaliyolowekwa yalibandikwa kwa Rais. Yalichemka kwa Majaji. Kwa Wakuu wa Mikoa yaliongezwa maji. Na Bodi ya Ng'ombe ilipofikiwa yalikuwa yameiva. Waziri alipoelezwa jambo hili alifurahi. Alisema ni ushahidi kwamba redio sasa inawalisha wananchi.

*

Katika majira hayo akafa Mzee Elifasi Mbwilo, mpiga kengele wa misheni ya Masagala. Alikuwa mtu wa ratiba, na alifariki baada ya kengele ya asubuhi, akiwa amekwisha kuifunga kamba.

Alikuwa na watoto wawili. Skolastika alikaa naye nyumbani. Yeremia, kifungua mimba, alikuwa mbali, kwenye machimbo ya chumvi ya Nyikani, upande wa pili wa nchi. Na mila ya Masagala ilikuwa haina mlango wa nyuma: udongo wa kwanza juu ya baba hutupwa na mwana wa kwanza. Mwana ambaye baba yake alizikwa pasipo mkono wake hakanyagi tena boma la kwao, wala hali cha shamba la kwao, na akifa hazikwi hapo. Hakuna mbuzi wa kuliondoa jambo hilo. Kwa hiyo Skolastika, akiwa hajaanza hata kumlilia baba, alikuwa tayari yuko hatarini kumpoteza kaka.

Mwili uliwekwa katika chumba cha baridi cha hospitali ya misheni. Chumba kilijengwa kwa ajili ya dawa. Lakini tangu sauti ilipokombolewa kilikuwa kimejaa watu ambao, kwa mila, walikuwa bado wagonjwa. Sista Tarsila, mlezi wa hospitali, hakuwa mtu wa kupamba maneno.

"Binti yangu," alimwambia, "mashine inakohoa. Jumamosi utamzika, kaka yako awepo asiwepo. Jumapili sikuahidi kitu."

Nyumbani majirani walikuwa wameketi uani, macho makavu, kama adabu ilivyotaka. Kila aliyeingia alimwuliza Skolastika mgonjwa anaendeleaje, naye alijibu kwamba amelala. Jirani mmoja alimletea uji wa mgonjwa. Ilibidi aupokee.

Akapanda lori la kabichi, akaenda mji mkuu.

*

Alimkuta Ansigari amejifunga kitambaa shingoni, anakunywa chai ya tangawizi, koo likiwa limechakaa kwa vyeo. Alikuwa mzee kuliko sauti yake. Alilisoma kimya tangazo aliloletewa na Skolastika, midomo ikicheza, kisha akaliweka kabatini juu ya mengine, na ilimbidi alisukume ili mlango ufunge.

"Nitaliweka mahali pake, mama," alisema. "Shida ni kwamba mahali pake hapafikiwi."

Akamwelekeza kwa Bwana Lupogo, ambaye alimpokea amesimama, akampa pole kwa niaba ya Rais, ya Makamu wa Rais, na ya wengine kwa utaratibu wao. Skolastika alingoja pole ikwishe. Kisha akaomba tangazo la baba yake lisomwe mwanzoni, siku moja tu.

"Unaniomba," Bwana Lupogo alisema taratibu, "nimweke mpiga kengele mbele ya Rais wa Jamhuri?"

"Naomba nimzike baba yangu."

"Azikwe. Serikali haijamzuia mtu kuzikwa."

"Kaka yangu hajui, mzee wangu."

"Atajua zamu ikifika. Kwanza viongozi, kisha habari, kisha hali ya hewa, kisha marehemu. Hata mbinguni ndivyo ilivyo. Malaika wakuu hutajwa kwanza."

"Padre alitufundisha kwamba huko wa mwisho watakuwa wa kwanza."

Bwana Lupogo alimtazama kwa huruma. "Hilo lilisemwa kabla ya uhuru," alisema.

Skolastika akauliza, kwa unyenyekevu kabisa, mtu afanye nini ili atajwe katika itifaki. Akajibiwa kwamba ni lazima ateuliwe. Akauliza tena, ninyi hapa huambiwa na nani kwamba fulani ameteuliwa?

Swali hilo lilimfurahisha Bwana Lupogo, kwa kuwa liligusa ufahari wa nchi. Alimweleza kwamba katika Usikivu hakuna kiongozi anayeambiwa na mtu. Kiongozi husikia. Jina lake likitajwa redioni, ameteuliwa, likiachwa, ameachishwa. Waziri mwenyewe alijua kwamba ni Waziri akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, akaondoka hivyo hivyo kwenda kuapishwa. Na Kurugenzi nayo husikiliza kama watu wengine. Ikisikia jina jipya, hulishika.

"Wala hamwulizi?" Skolastika alisema.

"Mama, anayeuliza anakiri kwamba hakuarifiwa. Na asiyearifiwa si mkubwa."

Skolastika alimshukuru, akarudi kwa Ansigari, akamweleza aliyoyasikia neno kwa neno. Hakumwomba kitu. Mzee yule aliizungusha chai kikombeni mpaka ikapoa.

"Nimewazika watu wa nchi hii kwa koo hili," alisema mwishowe. "Tangu tulipokombolewa sijamzika hata mmoja. Wananijia ndotoni, wamepanga foleni."

"Watakufukuza, baba."

"Watanifukuza kwa redio," alisema Ansigari. "Na msomaji ni mimi."

*

Kesho yake, saa sita, itifaki ilianza kama kawaida. Rais alitambuliwa, maharagwe yakabandikwa. Majaji wakapita, Wakuu wa Mikoa wakapita. Alipomaliza kumtambua Naibu Waziri wa Maji, Ansigari alikohoa kidogo. Na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya zamani, ya jeneza na kamba mpya.

"Namtambua pia Mheshimiwa Mzee Elifasi Mbwilo wa Masagala, aliyeko katika chumba cha baridi cha hospitali ya misheni, ambaye hatatoka humo mpaka mwanawe wa kwanza, Yeremia wa machimbo ya chumvi ya Nyikani, afike mbele yake, kabla ya jua la Jumamosi kuzama."

Kisha akamtambua Mwenyekiti wa Bodi ya Ng'ombe, na mtambo ukazimwa. Mtu apendaye haki atakubali kwamba hapakuwa na neno la uongo katika hayo yote, ukiondoa cheo. Na vyeo katika nchi ile havikuwa na desturi ya kuchunguzwa.

Uani Masagala majirani walitazamana, kisha mwanamke mmoja akaitia mikono kichwani, na kilio kilichokuwa kimezuiwa kikatoka chote kwa pamoja. Wanaume walishika majembe. Maharagwe ya kijiji kizima yaliungua.

Mji mkuu ulipatwa na msiba wa namna nyingine. Kila kiongozi huwa anasikiliza jina lake tu, na jina la kabla yake, apate kujua anamfuata nani. Mwenyekiti wa Bodi ya Ng'ombe alizoea kumfuata Naibu Waziri wa Maji. Leo palikuwa na mtu katikati. Alimpigia simu Naibu Waziri, ambaye alimpigia Waziri mmoja, ambaye alimpigia mwingine, na kila mmoja aliuliza kwa mzunguko, asije akaonekana anauliza. Mwishowe Mheshimiwa Mabamba alimwita Bwana Lupogo.

"Bila shaka unamfahamu Mheshimiwa Mbwilo," Waziri alisema.

"Sana, Mheshimiwa."

"Mimi pia."

Bwana Lupogo akaondoka kinyumenyume.

Waziri alipobaki peke yake aliyapima maneno. Mtu ambaye haendi kwa watu, bali watu huitwa wafike mbele yake. Mtu ambaye ofisi yake ina baridi ya kutosha kutajwa redioni, wakati ya Waziri wa Sauti ina feni inayozungukia upande mmoja. Mtu anayeweza kuweka siku ya mwisho ya kuripoti, tena hata kwa mwanawe wa kumzaa. Mtu wa aina hiyo haletwi ili akae juu ya Bodi ya Ng'ombe. Hapo amewekwa tu kwa muda. Waziri alitazama kiti chake mwenyewe, akakiona chembamba.

Akaamuru gari. Alipofika barabarani alikuta magari mengine yamekwisha kutangulia. Barabara ya Masagala, iliyokuwa katika mpango wa maendeleo tangu nchi izaliwe, ilisawazishwa siku ile ile, greda likienda mbele na waheshimiwa wakisukumana nyuma yake.

*

Huko Nyikani wachimbaji walikuwa kwenye foleni ya chakula, bakuli mikononi, redio ya msimamizi ikiwa dirishani. Hakuna aliyesikiliza itifaki. Waliisikia kama mtu asikiavyo mvua. Ila Yeremia aliijua sauti ile. Alikuwa ameisikia utotoni, ikiwazika babu zake. Kabla hata jina halijafika bakuli lilikuwa limemponyoka. Aliingia kibandani, akatoka na kipolo, yaani kifuko kidogo cha chumvi, kwa maana mwana haingii kwao mikono mitupu, akaenda barabarani kutafuta usafiri katika nchi isiyo na usafiri.

Gari pekee la Nyikani lilikuwa la Mkuu wa Wilaya, na injini yake ilikuwa inaunguruma tayari. Mkuu wa Wilaya alikuwa ameketi mbele. Nyuma palifungwa beberu aliyevikwa utepe. Mkuu wa Wilaya, aliposikia kijana yule mwenye vumbi jeupe anaomba kufikishwa Masagala, aliteremsha kioo akauliza ana shida gani huko.

"Ninaitwa na baba yangu," Yeremia alisema. "Ndiye aliyetajwa."

Mkuu wa Wilaya aliteremka, akaufuta ubao wa mlango kwa leso yake, akamwingiza Yeremia kiti cha mbele, naye akapanda nyuma na beberu. Safari yote Yeremia alilia. Mkuu wa Wilaya aliinama mara kwa mara juu ya pembe akamfariji. Alimwambia kwamba nafasi kubwa hutisha mwanzoni, lakini familia huzoea.

*

Jumamosi mchana uwanja wa hospitali ulikuwa umejaa waheshimiwa, kila mmoja na zawadi yake, na Mwenyekiti wa Bodi ya Ng'ombe na fahali. Kufuatana na itifaki Waziri wa Sauti aliingia wa kwanza, Bwana Lupogo kisogoni pake. Sista Tarsila aliuliza kama wamekuja kumwona Mzee Mbwilo. Wakasema ndiyo. Akafungua mlango.

Mzee Elifasi alikuwa amelala chali, mikono kifuani, pamba puani, shuka jeupe hadi kidevuni. Baridi ilikuwa nyembamba. Mashine ilikohoa.

Ni vema msomaji amwonee Waziri huruma. Kama angesema kwamba huyu ni maiti, angekuwa amesema kwamba redio imemtambua maiti. Redio ni serikali, yeye mwenyewe aliitwaa kwa gwaride; na serikali haijapata kukosea. Alisimama hapo mpaka jasho likamtoka ndani ya baridi. Kisha akavua kofia, akainama.

"Mheshimiwa," alisema, "nimekuja kujitambulisha."

Akatoa hotuba yake yote, maana alikuwa nayo mfukoni. Alieleza utii wake, mafanikio ya Wizara, na upungufu wa wenzake walioko nje. Mzee Elifasi hakumkatiza. Ilipokwisha Bwana Lupogo alimnong'oneza Waziri kwamba ni mtu wa maneno machache, na kwamba dalili hiyo ni njema. Wakaingia wengine, mmoja mmoja, kila mmoja akaona, akameza mate, akajitambulisha. Mwenyekiti wa Bodi ya Ng'ombe aliuliza kwa sauti ndogo kama Mheshimiwa amempokea fahali.

"Amempokea," alisema Skolastika aliyesimama kichwani pa baba yake. "Apelekwe jikoni, wafiwa wana njaa."

Hapo ndipo gari la Nyikani liliposimama. Waheshimiwa wakampisha mtu aliyeteremka, wakidhani ni mwanzo wa msafara. Yeremia hakumwona hata mmoja wao. Alipita katikati yao, akaingia, akaweka kiganja juu ya paji la uso la baba yake, na alipokiondoa pakabaki alama ya chumvi. Skolastika alilishika tu shati lake mgongoni, kama alivyokuwa akilishika walipokuwa wadogo wakivuka mto.

Walimzika kabla ya jua kuzama. Kaburini Waziri alisogea mbele kuchukua udongo, kwa kuwa hakuna jambo katika Usikivu lililopata kufunguliwa na mwingine mbele yake. Skolastika aliuweka mkono wake juu ya kifua cha Waziri, palipo na nishani.

"Hapa, Mheshimiwa, anaanza mwana."

Waziri alirudi nyuma. Akajikuta amesimama baada ya dereva wa lori la kabichi, mahali ambapo hakuwa amesimama tangu siku ile ya kinyozi. Yeremia aliinama, akachota udongo, akautupa. Ulianguka juu ya sanduku kwa mlio mdogo, na wanaume wakaanza kufukia.

Ilibaki kueleza kwa nini kiongozi aliye madarakani amefunikwa. Waziri alilieleza jioni redioni, kwa ufasaha uliowatoa watu machozi. Alisema kwamba Mheshimiwa Mbwilo, kwa hiari yake, ameihamishia ofisi yake chini, karibu zaidi na wananchi, na kwamba viongozi wote wauige mfano huo wa kushuka.

*

Ansigari Mkwela hakufukuzwa. Kumfukuza kungekuwa kukiri kwamba jina lile halikustahili, na wale wote waliolijia na zawadi wangeulizwa walimjia nani. Jina la Mzee Elifasi halikuondolewa, kwa maana jina huondolewa kwa kuachwa na msomaji, na msomaji hakuliacha. Mheshimiwa Mbwilo alipewa nishani ya utumishi, kwa kutoonekana hata siku moja nje ya kituo chake cha kazi. Mwenyekiti wa Bodi ya Ng'ombe alipolalamika kwamba anamfuata mtu aliyezikwa, aliambiwa avumilie, nafasi ya mbele huja yenyewe.

Watu wakaanza kuja kwa Ansigari kutoka kila upande, na kabati likawa linafunga tena. Kila siku palitambuliwa mheshimiwa mpya wa kijiji fulani, anayewasubiri wanawe popote walipo. Chumba cha baridi cha Masagala kikarudi kuwa cha dawa. Ila mtambo bado ulizimwa saa saba, na waheshimiwa wapya walipoongezeka, siku moja ulizimwa kabla Mwenyekiti wa Bodi ya Ng'ombe hajatajwa. Akaelewa. Alikusanya vitu vyake, akarudi kwao, ambako inasemekana ndiko alikomwona ng'ombe kwa karibu. Baada yake wakafuata wengine, kutoka mwisho kuelekea juu. Katika sikukuu ya taifa jukwaa kuu lina viti vingi vitupu vilivyoandikwa majina, na Rais amevisifu hadharani kwa kuwa ndivyo pekee visivyosinzia wakati wa hotuba.

Yeremia alirudi Nyikani, lakini kila mavuno huja nyumbani, na hupita lango la boma la baba yake bila kumwuliza mtu. Kipolo cha chumvi alichokuja nacho siku ile kinaning'inia jikoni. Na saa sita mchana, kule Masagala, Skolastika huwasha redio. Maharagwe huyabandika kwa Rais. Kwa Majaji huyakoroga, kwa Wakuu wa Mikoa huongeza maji. Na sauti ile ishukayo polepole inapomaliza kumtambua wa mwisho wao, yeye husimama, akafungua kipolo, akangoja jina litajwe, ndipo hutia chumvi.